Binti wa Zimamoto Anashuka Ziwani

Mwanangu Edita,

Umeenda kwa shangazi yako Imelda kusukwa nywele, na kwa jinsi nilivyowasikia mkicheka mlipokuwa mnapanda njia, hamtamaliza mapema. Nyumba imebaki kimya. Begi lako liko karibu na mlango. Ukirudi utakuta nimelifunga kamba, na sababu nitakuambia huko mbele. Nimeona nikae hapa mezani nikuandikie, maana mdomo wangu naujua. Kesho pale stendi nitazungumza habari za tiketi na mvua, gari litaondoka, na yote niliyotaka kukuambia nitarudi nayo Matiri.

Sitakuandikia habari za neti, wala maji ya kuchemsha, wala kuwahi kazini. Wewe ndiye muuguzi. Ninachotaka ni kukutambulisha kwa mji. Unakwenda kufanya kazi Mbamba Bay, mji aliozaliwa mama yako, na huujui. Mtoto wa Estha, mtu mzima sasa, na Ziwa Nyasa umeliona kwenye kalenda ya ukutani tu. Kosa hilo ni langu mimi, si lako.

Nianze na barabara. Ukitoka Mbinga mjini utaona kwanza mambo unayoyajua: kahawa, migomba, miteremko iliyochimbwa ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia, mpaka inafanana na sega la nyuki. Halafu gari litaanza kushuka. Ni kona juu ya kona. Masikio yataziba, utameza mate yazibuke. Utavua sweta. Watu watafungua madirisha. Kisha mahali fulani, katikati ya vilima viwili, utaona bluu, nawe utadhani ni mbingu imeshuka chini kuliko kawaida. Mimi kila nilipopita hapo nilidhani hivyo. Ukiona mtumbwi umesimama ndani ya ile mbingu, ndipo utajua ni ziwa. Siku hizi kuna lami, mtashuka mkisinzia. Sisi tulishuka juu ya magunia ndani ya lori, tumeshikilia kamba, na anayekaa nyuma alifika akiwa mwekundu kama tofali.

Mji wenyewe ni mdogo, utauzunguka kabla chai haijapoa. Kuna soko, kuna maduka ya watu wenye asili ya pwani ambao watakuita binti yangu hata kabla hujanunua kiberiti. Alfajiri utasikia adhana, baadaye kengele ya kanisa, na baadaye sufuria zikigongana ufukoni, wanawake wanaosha vyombo. Mama yako alikuwa akisema hizo sufuria ndizo zinazoamsha mji, hizo nyingine zinaamsha wazee. Kuna mawe makubwa ya mviringo yamekaa majini kama ng'ombe waliolala. Hewa ikiwa safi utaona ng'ambo milima ya Malawi. Upepo wa kusini wanauita mwera. Ukivuma, wavuvi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu na kudanganyana ukubwa wa samaki. Wakikuuzia mbasa, mchome tu na chumvi, usimharibu kwa viungo. Ugali wao ni wa muhogo, unavutika. Usiucheke. Na joto litakusumbua wiki za mwanzo, utadhani unaumwa.

Sasa nikueleze jinsi nilivyofika huko mara ya kwanza. Kipande cha hadithi hii umekisikia, lakini hukusikia yote.

Nilikuwa kijana, sijaoa. Mjomba wangu Kosmas alikuwa akipeleka maharage ziwani kubadilishana na dagaa, akanichukua nimsaidie kubeba. Tulifika usiku, sikuona kitu. Asubuhi nikatoka peke yangu kwenda kuliona hilo ziwa. Nilivaa koti la sufu, maana huku kwetu asubuhi hutoki nje bila koti, na sikujua kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu anaweza. Nikasimama mchangani. Mbali kule majini nikaona moshi. Haukuwa moshi wa jiko. Zilikuwa nguzo nyeusi, ndefu, zimepanda mpaka juu na kuinama kidogo kwenye ncha. Mtu wa Matiri akiona moshi anajua kuna moto. Nikapiga yowe.

“Moto! Jamani, moto! Kuna chombo kinaungua!”

Nikakimbia na koti langu na viatu vyangu hadi maji yakafika magotini, napunga mikono kwa mitumbwi. Nikageuka kuona nani anakuja kusaidia. Hakuna aliyekuja. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wameinuka, wananitazama.

“Kaka, umeona moto?” mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa.

“Hamwoni? Watu wanakufa kule!”

“Basi wahi. Koti unalo, kawafunike.”

“Mpeni na ndoo,” akadakia mwingine. “Mtu wa milimani amekuja kutuzimia ziwa.”

Hapo ufuko wote ukaangua kicheko. Mjomba Kosmas alikuwa amekaa juu ya gunia la maharage, anafuta machozi kwa kofia. Alijua tangu mwanzo, na alikuwa amenyamaza makusudi.

Yule aliyenitajia koti alikuwa mama yako. Aliweka sufuria yake chini, akanifuata nilipokuwa nimesimama natiririsha maji.

“Ule si moshi,” akasema. “Ni wadudu, wadogo kuliko mbu. Tunawaita kungu. Wanatoka majini wanapanda pamoja, wengi hivyo. Upepo ukiwaleta huku, tunawala.”

“Mnakula moshi?”

“Tunakula moshi. Ninyi mnakula nini?”

“Maharage.”

“Pole,” akasema Estha.

Tangu asubuhi ile mpaka leo, jina langu pale ni Zimamoto. Wakwe zangu waliniita Mkwe Zimamoto mbele ya padri.

Mchana wa siku ileile upepo uliwaleta. Giza likaingia ufukoni jua likiwa bado liko juu. Wanawake na watoto walitoka na vikapu na masufuria waliyoyapaka mafuta kwa ndani, wakawa wanayapunga hewani huku na huku, nyuso wamezifunika kwa kanga. Kungu wananata. Wakikusanywa wanapondwa, wanafinyangwa mikate ya mviringo, wanaanikwa juani. Mama yako alinimegea kipande cha mkate uliokuwa umekauka siku nyingine. Ni mweusi, una chumvi yake wenyewe, unanukia dagaa na udongo uliopata mvua. Nilikula kwa sababu alikuwa akinitazama. Kisha nikaomba kingine, na hapo hakuwa akinitazama tena. Edita, naomba ulishike hili: niliupenda. Yaliyofuata hayakutokea kwa sababu sikuupenda.

Tulipooana akapanda kuja huku. Baridi ya mwezi wa sita ilimpiga vibaya, alikuwa akikaa jikoni miguu karibu inagusa moto. Alizoea kusugulia sufuria kwa mchanga, na huku hakuna mchanga, kuna majivu. Nikaagiza mchanga kwa dereva wa lori, ukaja ndani ya lile kopo la maziwa lenye picha ya ng'ombe. Aliutumia kidogo kidogo kama sukari. Ulipoisha alilihifadhi kopo.

Kulima ngoro hakujua. Wanawake wenzake walilaza nyasi mraba mraba kwenye mteremko, wakafukia kwa udongo wa katikati. Yeye akafukia mashimo na kuacha nyasi juu. Walimcheka mpaka wakakaa chini. Naye alicheka kuwazidi, akaenda kumwita mke wa jirani aje aone. Mwaka uliofuata alichimba kama wao. Nakuambia hili ujue kwamba mama yako hakuwa mtu wa kuumia kwa kuchekwa. Kama mimi tu, kule kwao. Kucheka si kitu.

Mdogo wake, mama yako mdogo Tamari, alikuwa akimtumia mikate ya kungu kwa malori. Mara ya kwanza Estha kuipika hapa, aliikaanga na nyanya na vitunguu, na siku hiyo mama yangu na dada zangu walikuwa wamekuja kututembelea. Harufu ikajaa nyumba nzima. Imelda akashika pua.

“Wifi, umepika nini, matope?”

“Matope ya ziwani, wifi,” akasema mama yako, anacheka. “Onja kwanza ndipo uyatukane.”

Hakuna aliyeonja. Bakuli lilikaa katikati ya meza. Nami nilikuwa nimekaa pale, mtu niliyelamba vidole ufukoni, na nilichotakiwa kufanya kilikuwa kunyoosha mkono tu. Wangenicheka. Wangesema Estha amenilisha dawa. Imelda angepata la kusimulia mwezi mzima, na mambo yangeishia hapo. Badala yake niliinuka, nikalichukua bakuli, nikalirudisha jikoni. Nikamwambia mama yako kwa sauti ya chini, “Wageni wakiwepo usipike hiki.”

Nilidhani namkinga. Kwa miaka nilidhani hivyo.

Akawa anapika wageni wakiondoka. Baadaye akawa anapika mimi nikiwa shambani. Halafu siku moja, ulikuwa mdogo, unatembea kwa kushika viti, niliingia na jirani na kukuta anakulisha kipande. Nikageuza uso, kwa ajili ya yule jirani. Wewe uliniangalia mimi, ukatema. Mama yako alikufuta mdomo kwa pindo la kanga. Sikumwona tena akipika kungu katika nyumba hii, na sikuwa nimemkataza mara ya pili. Wala hatukushuka naye ziwani tena. Kila mwaka jibu langu lilikuwa baada ya kahawa, na baada ya kahawa ilikuwa baada ya mahindi. Alipoacha kuomba, nilifikiri amezoea.

Yaliyotokea kwenye msiba wa mama yako unayajua kwa upande wako. Nakueleza kwa upande wangu.

Mama yako mdogo alifika na kikapu. Alikuwa ameleta mikate ya kungu kwa ajili ya matanga, kwa sababu dada yake aliipenda, na Tamari hakujua kwamba alishaacha kuila. Akina mama wakaipokea, wakamshukuru, wakaiweka nyuma ya jiko. Niliona walipoiweka, nikaendelea kupeana mikono na waombolezaji. Kesho yake alitoka uani akawakuta kuku wanaidonoa. Nilikuwa nimesimama pale kwenye rundo la kuni.

“Shemeji,” akaniambia, “kuku wako wameshiba.”

Akachukua kikapu chake kitupu akashika njia. Wewe ulimkimbilia ukimwita mama mdogo, mama mdogo, naye hakugeuka. Ulirudi ukaniambia, “Baba, yule mama hatutaki.” Na wiki iliyopita, nilipokuuliza utafikia wapi, ukanijibu kwamba umeshapanga chumba, kule huna ndugu.

Nakuelewa, mwanangu. Ulikuwa umetoka kumzika mama yako, kisha ukaonyeshwa mgongo. Lakini mimi nilikuwa nimekatisha katikati ya shamba la kahawa ili nimtangulie barabarani, nimwombe radhi. Nilipotokeza akawa anapita. Nikakosa ujasiri, nikasimama nyuma ya mti kama mwizi. Uso wake niliuona. Alikuwa akilia, mdomo ameuziba kwa kanga, na wewe bado unamwita. Hakugeuka kwa sababu hakutaka umwone hivyo. Nilipaswa kukuambia siku ileile. Nikikuambia, ingebidi nikuambie pia nilikuwa nafanya nini nyuma ya mti.

Jumapili baada ya misa nilimpigia simu. Namba niliipata kwa dereva.

“Nani?” akauliza.

“Ni mimi, shemeji yako.”

“Mashemeji ninao wengi.”

“Zimamoto.”

 Nikasikia kitu kama kikohozi, au labda alicheka.

“Kumbe hujafa.”

“Bado. Tamari, Edita amepangiwa kazi huko kwenu. Uuguzi. Anashuka wiki hii.”

“Anakuja kazini, au anakuja kwetu?”

“Kazini. Hilo la pili sijui.”

“Anakula?”

Nilijua anauliza nini. Nilitafuta uongo mzuri, nikaukosa.

“Alionja mara moja akiwa mdogo, akatema,” nikasema. “Alitema kwa sababu ya uso wangu.”

Nilisikia sufuria inawekwa chini. Nikadhani amekata.

“Mwache aje,” akasema. “Nitamwona mwenyewe.” Ndipo akakata.

Basi, hayo ndiyo niliyonayo. Sikuamuru uende kwake. Chumba umepanga kwa pesa yako, na ukiamua kuishi pale kama mgeni anayengoja uhamisho, kazi utaifanya vizuri tu. Ila nafikiria wale wazee watakaokuja kwako wanaumwa, wanaeleza maumivu kwa Kinyasa, wanakutazama usoni na kusema, huyu mtoto anafanana na mtu. Wewe utawajibu nini?

Ukitaka kwenda, pita soko, fuata njia inayoelekea kwenye yale mawe, uulize kwa Tamari. Usiseme wewe ni nesi mpya. Mwamkie, kisha sema wewe ni binti wa Zimamoto. Atajifanya hajali. Atakuuliza maswali amekupa mgongo, anachochea moto. Vumilia. Kisha atakuwekea chakula, na utakijua kwa harufu, maana nadhani mahali fulani bado unayo.

Usipokipenda, mwambie. Sema, mama mdogo, hiki kimenishinda. Atakucheka, atakupa dagaa, na hakutakuwa na ubaya. Ulimi ni wako. Ninachokuomba ni kwamba safari hii ukionja usinitafute mimi kwa macho. Sitakuwepo. Onja kama mtu aliyekaa peke yake na mama yake. Wewe unatia chumvi kabla ya kuonja, kama yeye, na unakula ukoko kabla ya wali, kama yeye, na hakuna aliyekufundisha. Huenda na hili limo.

Kuhusu begi. Zipu ilikuwa inafunga vizuri mpaka nilipoingiza lile kopo lenye ng'ombe. Liko katikati ya sare zako nyeupe. Nimelisugua, limekauka. Kuna siku utasimama dirishani kazini uone moshi juu ya maji. Usipige yowe, au piga, watafurahi, watasema ni damu ya Zimamoto. Ukitoka kazini nenda ufukoni na mama yako mdogo, paka sufuria mafuta, jifunge kanga puani, upunge kama wenzako. Mkate ukishakauka, utie ndani ya kopo, ulifunge vizuri, umpe kondakta wa gari la asubuhi. Nitashuka Mbinga kulipokea mwenyewe.

Halafu nitaupika hapa, kwa nyanya na vitunguu, mlango nikiwa nimeuacha wazi. Imelda nimeshamwambia juzi kwamba siku hiyo nitamwita, yeye na majirani. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna matope ya ziwani. Nikaona amekumbuka, Edita. Kisha akasema atakuja. Akishika pua, ashike. Bakuli litakaa katikati ya meza, na wa kwanza kunyoosha mkono nitakuwa mimi, wageni wakiwepo.

Nasikia sauti zenu njiani. Naifunga hapa, naiweka ndani ya kopo.

Baba yako,
Zimamoto